Ua Lang'aa, Jora Limo Ukunguni

Na Mwandishi Wetu, Busia

MSAFIRI atokaye Mombasa kwenda Busia hukata zaidi ya kilometa 900 za lami. Huiaga bahari jioni, akapita Nairobi usiku, akapita Kisumu, na atakaposhuka kwenye mpaka wa Uganda miguu imemvimba na masikio bado yanavuma mlio wa basi. Watu huisafiri safari hiyo kwa biashara, kwa kazi au kwa msiba. Mimi niliisafiri kwa ajili ya kitambaa.

Kisa chenyewe ni hiki. Binti ya dada yangu alikuwa akiolewa, na akina mama wa nyumbani walipatana wavae sare: kitenge kimoja, ua moja, rangi moja, vipande 20 vya yadi 6 kila kipande. Zamani angetumwa mtu dukani akaguse kwa mkono. Siku hizi haendi mtu. Huja video katika simu, wanawake wakaikusanyikia barazani, ikapitishwa mkono kwa mkono, na kabla chai haijapoa bei imekwisha kukatwa.

Video ile, wallahi, ilikuwa nzuri. Ua la rangi ya dhahabu lilijaa kioo kizima cha simu. Nyuzi zake zilihesabika. Nyuma ya ua kila kitu kilikuwa kimeyeyuka kwa upole, kama mji unavyoonekana kutoka jahazini alfajiri, wakati umande haujapaa. Hakuna aliyeuliza nyuma ya umande ule kuna nini. Pesa zikatumwa kwa M-Pesa.

Robota lilipofunguliwa Mombasa, nyumba nzima ilinyamaza. Katikati ya jora, kutoka mwanzo hadi mwisho, ulipita mstari mweupe wenye upana wa kidole, pale ambapo rangi iliteleza kiwandani. Upande wa pili wa kitambaa ulikuwa umepauka kana kwamba umeoshwa mara 50. Harusi ilikuwa imebaki siku 9. Akina mama walivaa leso za sandukuni, kila mmoja yake, na aliyechangisha fedha zile akaanza kupita njia za nyuma ili asikutane na waliochanga. Ndipo nikaambiwa: "Wewe mjomba wake ndiye mwenye nauli. Nenda ukamwone huyo muuzaji."

PALE NENO "BODA BODA" LILIPOZALIWA

Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja wa Kenya na mmoja wa Uganda. Kuuzunguka upande wa Kenya kuna nchi ya Wakhayo, na majirani zao Wamarachi na Wasamia; ukipanda kaskazini hadi Malaba, ambako reli huvukia, utawakuta Wateso. Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 sehemu zote hizi zilihesabiwa kuwa Uganda, kisha mkoloni akausogeza mstari wake, ndugu wakajikuta wana serikali mbili.

Ni katika mipaka hii ya Busia na Malaba ndipo lilipozaliwa neno "boda boda". Kati ya kituo cha nchi moja na cha nchi ya pili palikuwa na kipande cha ardhi cha kutembea kwa miguu, na vijana wenye baiskeli wakawa wanawabeba wasafiri na mizigo yao, huku wakiita "boda! boda!", yaani mpaka hadi mpaka. Leo baiskeli nyingi zimekuwa pikipiki na neno limeenea Afrika ya Mashariki nzima. Forodha nayo imebadilika. Tarehe 24 Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua kituo cha pamoja cha Busia, na tangu hapo mzigo hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Robota linaweza kuvuka asubuhi na kupanda basi la Mombasa jioni.

Wepesi huo ni neema. Lakini kitu kinachopita upesi hupata watu wachache wa kukitazama.

Nilimkuta muuzaji wetu katika kibanda cha mabati, vitenge vimepangwa hadi darini. Nikamwamkia kwa neno la kwao, "Mulembe, mama," maana yake amani. Akanijibu, "Mulembe, baba, karibu ukae." Nilipojitambulisha kuwa mimi ndimi mjomba wa yule bibi harusi wa Mombasa, aliacha kukunja kitambaa alichokuwa nacho mkononi.

"Baba," akasema baada ya muda, "hasara ile iliniingia na mimi."

Akafungua simu yake akanionyesha. Ilikuwa video nyingine, aliyoletewa na mwenye ghala wa ng'ambo ya mpaka. Ua ni lile lile, la dhahabu, limejaa kioo, na nyuma yake umande ule ule. Naye alikuwa amenunua kwa kuona ua. Robota lilifika limeshonwa kwa kamba, na kwa kuwa sisi wa Mombasa tulikuwa tukimpigia simu kutwa mara tatu kumhimiza, alilipandisha basi bila kulifungua. Kijana wake akapiga ua la kipande cha mfano, akatutumia. Hivyo ukungu ulipita mikono mitatu, na hakuna mkono hata mmoja uliokunjua jora.

UKUNGU HUO HUTOKA WAPI?

Kijana anayempigia picha alikuwapo. Hakuwa na hila. Alikuwa na ufundi, na aliufurahia. Alinikalisha akanieleza, na maelezo yake nayaweka hapa kwa faida ya msomaji.

Lenzi, hata iwe ya bei gani, hulenga umbali mmoja tu kwa wakati mmoja. Kilicho katika umbali huo huonekana wazi. Kilicho mbele yake na kilicho nyuma yake huanza kufifia. Lakini jicho la binadamu husamehe ukungu ulio mdogo, kwa hiyo hupatikana ukanda, mbele kidogo na nyuma kidogo ya pale palipolengwa, ambao mtazamaji huuona wazi wote. Mambo yote yamo katika unene wa ukanda huo. Ukiwa mnene, utaona ua, jora, rafu na mlango. Ukiwa mwembamba, utaona ua peke yake.

Mambo matatu huukondesha. La kwanza ni tundu la lenzi: likifunguliwa sana ukanda hukonda, likibanwa ukanda hunenepa, ila hapo itahitajika nuru zaidi. La pili ni ukaribu: ukipunguza umbali kwa nusu, ukanda hubaki takriban robo. La tatu ni lenzi ndefu, ile ivutayo vitu vya mbali.

Kwa picha za karibu sana hali huwa ya ajabu. Chukua kamera kubwa yenye lenzi ya kupigia vitu vidogo, uifungue tundu hadi alama ya 2.8, na usogee hadi kitu kiandikwe ndani ya kamera kwa ukubwa wake halisi. Ukanda wa wazi hautafika hata nusu milimita. Punje ya ufuta ina urefu wa milimita 3 hivi. Basi ukiilenga kichwani kwa wima, mkia wake utakuwa umekwisha kumezwa na ukungu. Ndiyo sababu pete, saa, manukato na vipodozi katika matangazo huonekana kama vitu vilivyoshuka kutoka ulimwengu mwingine. Jicho letu halina pengine pa kwenda isipokuwa pale lilipopelekwa.

Simu zina tabia yake. Kwa kuwa kamera yake ni ndogo mno, simu ikipiga kwa umbali wa mkono huonyesha karibu kila kitu wazi; ni lazima isogezwe hadi sentimita chache ndipo ukungu wa kweli utokee. Kwa hiyo watengenezaji wakabuni ukungu wa hesabu. Mwaka 2016 simu ya iPhone 7 Plus ilitoka na lenzi mbili nyuma na uwezo wa kukadiria kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, kisha ikapaka ukungu kwenye kilicho mbali. Mwaka 2021, kwa iPhone 13, jambo hilo likaingia katika video. Mashine hii hubahatisha, na mara nyingi hukosea ukingoni: hula nywele, hula utepe, hula nyuzi za pembeni ya kitambaa. Na ukingo, kama nitakavyosema mbele, ndipo mnunuzi wa kitenge anapopaswa kutazama kwanza.

ELIMU HII SI NGENI KWETU

Wasomaji wengine watadhani haya ni mambo yaliyozuliwa juzi. La. Aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040, mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyachungua kabla ya kamera kuwako. Alitazama nuru ya jua lililopatwa ikiingia chumbani kwa kitundu na kuangukia ukuta. Akaona kwamba kitundu kikiwa kidogo, umbo la hilali la jua lililoliwa huonekana ukutani. Kikipanuliwa, hilali hupotea na kubaki doa lenye umbo la kitundu chenyewe. Tundu lake halikuwa na lenzi, lakini asili ni moja: kila nukta ya nuru, ikipita katika uwazi mkubwa, hutandaa, na madoa yakipandana ndipo panapozaliwa ukungu.

Wala watu wa Pwani si wageni wa kupamba kilicho nyuma ya picha. Waliopita kivukoni Likoni miaka ya 1990 watakumbuka vibanda vya wapiga picha na mapazia yao yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu ya ng'ambo. Mtu alisimama mbele ya pazia akapigwa picha, akaipeleka kwao. Hakuna aliyedanganyika, kwa sababu pazia lilijionyesha kuwa ni pazia. Ukungu wa leo haujionyeshi. Huwa kama adabu ya picha, kumbe ni pazia lisilochorwa kitu.

Si kila fundi aliuamini ukungu huo. Mwaka 1932, huko California, Marekani, kundi la wapiga picha wakiwemo Ansel Adams na Edward Weston walijiita f/64, jina la alama ya tundu dogo kabisa la lenzi zao, kwa kutaka picha iwe wazi kutoka mbele hadi nyuma. Miaka miwili kabla yake Weston alikuwa amelipiga picha pilipili hoho moja, la kununuliwa sokoni, ndani ya mdomo wa faneli ya bati. Picha hiyo inajulikana hadi leo. Mikunjo ya tunda lile yote inaonekana, pamoja na dosari za ngozi yake, na hakuna aliyesema dosari zile zimeipunguzia uzuri.

MKONO NDANI YA GUNIA

Nilipomwambia muuzaji wetu habari za ua na umande, alinipa mfano wa kwao. "Baba, hapa sokoni mtu akija kununua mahindi kwa gorogoro, hatazami juu. Anachovya mkono mpaka chini ya gunia, anatoa punje, anatafuna. Kwa simu hakuna mkono."

Maneno hayo yalinikumbusha kisa ambacho kila mtoto wa chuoni Pwani amekisikia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni kwenye chungu ya nafaka, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuuweka ule unyevu juu watu wauone. Na ikabainishwa kwamba mwenye kughushi hana nafasi miongoni mwa waumini. Zingatia, ndugu msomaji: mtu yule hakusema uongo hata neno moja. Alionyesha punje kavu, na punje zile kweli zilikuwa kavu. Kosa lilikuwa katika mpango wa chungu, kipi kiwe juu na kipi kifichwe.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, waliandika kwa kirefu juu ya kununua kitu kisichoonekana, na hukumu iliyo na nguvu kwao ni kwamba mauzo hayo hayasihi. Lakini hawakuwa wagumu bila sababu. Walisema kuona sehemu kunatosha pale sehemu hiyo inapojulisha hali ya iliyobaki, kama uso wa chungu ya ngano ya namna moja. Ama kitambaa kilichokunjwa hakina budi kikunjuliwe, na kikiwa cha nakshi, ambacho pande zake hazifanani, zitazamwe pande zote mbili. Haya yameandikwa karne nyingi kabla ya simu, nayo ni kama yaliandikwa kwa ajili ya kitenge chetu. Ua moja halijulishi hali ya jora.

Na mtu asiseme kwamba namhukumu kijana yule kama mghushi. Aliyeficha kwa kujua na aliyependezesha bila kujua hawako sawa mbele ya Mwenyezi Mungu. Lakini mnunuzi aliye Mombasa, mwenye mstari mweupe mkononi, hana namna ya kuwatofautisha. Kwa sababu hiyo muuzaji mwaminifu ndiye anayeumia zaidi na ukungu: picha yake na ya tapeli zinafanana.

JINSI YA KUONYESHA, JINSI YA KUTAZAMA

Mama yule amebadilisha mtindo, na niliushuhudia kwa siku mbili. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, jora hutandikwa juu ya kamba nje ya kibanda, na kijana husimama hatua 6 nyuma akalipiga zima, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha husogea karibu. Ukungu bado upo, kwa sababu kwa karibu hauepukiki, lakini sasa simu haisimami juu ya ua moja. Huteleza polepole kwa urefu wa kitambaa, na kila mahali hupata zamu yake ya kuwa wazi. Halafu jora hugeuzwa.

Mgeuzo huo ni muhimu. Kitenge cha nta cha kweli, kama vile vitengenezwavyo na Vlisco ya Helmond, Uholanzi, kampuni iliyoanza mwaka 1846, hutiwa rangi pande zote mbili, hata ni shida kujua upi ni wa mbele. Kilichopigwa chapa upande mmoja hupauka nyuma. Basi mnunuzi asiyeonyeshwa nyuma ameonyeshwa nusu ya mali. Mwisho huonyeshwa ukingo wenye maandishi ya kiwanda, herufi zikisomeka, na sarafu huwekwa juu ya ua ili ukubwa wake ujulikane, kwa kuwa picha ya karibu hulifanya ua la kikombe kuwa ua la sinia.

Akina mama wa Pwani nao wana kipimo chao tangu jadi. Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Hakuna mwanamke wa Mombasa atakayenunua leso kwa kuonyeshwa pindo tu, jina likiwa limefichwa, maana huenda akajifunga maneno yatakayomgombanisha na jirani. Kipimo hicho hicho na tukitumie kwenye simu. Ukiletewa video, uliza: pindo nimeliona, mji uko wapi, na jina linasemaje?

Hata hivyo tusiipe picha kazi isiyoiweza. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa sharti la cheti kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 katika bilioni. Sumu hiyo haionekani hata punje ikipigwa kwa lenzi bora duniani. Kuna aibu za mali zinazotaka nuru, na kuna zinazotaka maabara, na zote zinamtaka mtu mwenye kusema kweli.

Mimi na mama yule tuligawana hasara. Alinipa vipande 8 vizima bila malipo, nami nikakubali kwamba haraka yetu ilichangia. Jioni ya mwisho alimwambia kijana apige kitenge kingine kwa mtindo mpya na kuwatumia akina mama wa nyumbani. Video ile haikuwa nzuri kama ya kwanza. Kamba ilionekana, kuku alipita chini yake, na kwenye yadi ya 4 palikuwa na doa dogo la mafuta ambalo kijana alisimama juu yake kwa makusudi akalilenga, likaonekana wazi.

Baada ya robo saa simu ikalia. Alikuwa dada yangu kutoka Mombasa. "Hilo doa," akauliza, "mwenyewe anapunguza ngapi?"

Mama akacheka, akataja bei.